Usiku wa Muziki na Ngano Magharibi mwa Ireland

Ireland ni nchi ya mvua, nyasi na ng'ombe, kisiwani magharibi mwa Uingereza. Watu wa Jamhuri hiyo ni zaidi kidogo ya milioni 5, karibu sawa na wakazi wa Dar es Salaam peke yake. Afrika Mashariki tumewajua miaka mingi kupitia mapadri, masista na walimu wao waliokuja kwetu. Tusichokijua vizuri ni usiku wao: jinsi wanavyokutana kupiga muziki, kuimba na kusimulia hadithi. Kwangu mimi, hilo ndilo linaloitambulisha nchi hii kuliko makanisa na majumba yake yote.

Pa kuliona ni Kaunti ya Clare, kwenye pwani ya Atlantiki, katika miji midogo kama Doolin na Miltown Malbay. Mwezi Julai jua huzama karibu saa nne usiku, kwa hiyo kikao huanza bado kweupe. Usitafute jukwaa wala kipaza sauti. Wapigaji huketi wakiizunguka meza ya kona ya baa, wakitazamana, na wewe msikilizaji unabaki na migongo yao. Si dharau. Hawana karatasi ya noti mbele yao. Kila kitu kiko kichwani, na macho ndiyo yanayopeana habari. Mmoja huanza, wengine huutambua wimbo na kuingia. Wimbo una sehemu mbili fupi, kila moja hurudiwa, na wote huzungushwa mara mbili au tatu. Halafu, bila kupumua, kiongozi huruka kwenye wimbo mwingine na meza nzima humfuata. Hapo ndipo nywele husimama.

Aliyelelewa na taarab atatambua fidla na kodiani mara moja. Kuna pia filimbi ya bati, filimbi nene ya mbao, na tari la ngozi ya mbuzi linalopigwa kwa kijiti kifupi. Kilicho kigeni kabisa ni zumari lao. Mpigaji haligusi kwa mdomo. Mvukuto umefungwa chini ya kiwiko cha kulia, nao huujaza hewa mfuko uliobanwa kwapani kushoto. Vidole vya mikono yote miwili huchezea bomba la sauti lililosimama juu ya goti, na papo hapo kifundo cha mkono wa kulia hubonyeza funguo za mabomba mengine yaliyolala pajani, yakaitikia. Wenyewe husema ni kazi ya miaka 21: saba ya kujifunza, saba ya mazoezi, saba ya kupiga. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza upigaji huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Miltown Malbay ilikuwa na bingwa wake, Willie Clancy, aliyefariki Januari 1973. Kiangazi cha mwaka huohuo chuo cha muziki kikaanzishwa kwa jina lake, na hadi leo kila Julai mji huo hufurika wanafunzi, wazee kwa watoto.

Watalii hudhani vikao vya baa ni vya tangu enzi na enzi. Si vya kale kiasi hicho. Zamani muziki ulipigwa majumbani, jikoni, kando ya moto wa udongo mweusi wa kinamasi uliokatwa kama matofali na kukaushwa. Mwaka 1935 serikali, huku maaskofu wakilalamikia maadili ya vijana, ilipitisha sheria ya kutaka leseni kwa kila dansi ya hadhara, na dansi nyingi za majumbani zikazimwa. Kisha vijana wakahamia Uingereza kwa wingi kutafuta kazi za ujenzi. London walipanga vyumba visivyo na jiko la kukusanyikia, basi wakabeba fidla zao hadi baa, na desturi hiyo ikarudi nyumbani. Ni nchi iliyojifunza kujitunza ikiwa ugenini: hata moja ya hazina kubwa za muziki huu, nyimbo 1,850, ilichapwa Chicago mwaka 1903 na Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa jiji hilo.

Usiku ukikomaa, mtu huombwa aimbe. Wimbo wa mtindo wa kale, kwa Kiairishi, hauandamani na ala yoyote. Baa yote hunyamaza. Mwimbaji hufumba macho, na pengine jirani yake humshika mkono na kuuzungusha polepole kufuata mwendo wa wimbo, huku mmoja mmoja akimtupia neno la kumtia moyo.

Hadithi zilikuwa na taratibu zake. Ngano ndefu za mashujaa zilikuwa za usiku wa baridi. Mwenye nyumba alitoa ya kwanza, na mgeni akaendeleza hadi alfajiri. Kisiwani Great Blasket, Peig Sayers, aliyezaliwa 1873, alijua mamia ya ngano kwa moyo. Kisiwa hicho kilihamwa mwaka 1953 na leo hakina wakazi wa kudumu, lakini ngano zake zipo, maana tangu 1935 tume ya serikali ilituma watu vijijini na mashine za kurekodia kwenye mitungi ya nta. Nta ilikuwa adimu: maneno yakishanakiliwa, mtungi ulikwanguliwa ukatumika tena.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya watoto. Kati ya 1937 na 1939, wanafunzi wapatao 50,000 wa shule za msingi walitumwa kuwauliza babu, bibi na majirani zao, kisha wakaandika hadithi, dawa, michezo na imani walizosimuliwa, katika muda wa somo la insha. Maandishi yao yako University College Dublin na yanasomeka bure kwenye intaneti. Walimu wetu wa Kiswahili wanayo madaftari, wanavyo vipindi vya insha, na wazee wangali hai. Waanze muhula ujao.