Ua Lililoruka Ua

Nyumba za mwambao wetu, tangu enzi za mababu, hazikukosa maua. Nyuma ya ukuta, karibu na kisima, palikuwa na asumini wa vikuba, mrehani wa harufu na mhina wa maharusi. Na mwenye nafasi alipanda mlangilangi au mkadi. Kila mmea uliingia uani kwa kazi yake, na akina mama walijua nani atauchuma na kwa shughuli ipi. Lantana haikuingia kwa mlango huo. Haivaliwi kichwani, na majani yake yakifikichwa hutoa harufu kali ambayo hakuna anayeitaka katika kikuba. Iliingia kwa uzuri wa rangi peke yake.

Na uzuri huo haukanushiki. Kishada kimoja cha lantana hubeba rangi mbili au tatu kwa pamoja: vijiua vya katikati, vilivyofunguka karibuni, huwa vya manjano, na vile vya pembeni vilivyotangulia huwa vimekwisha kugeuka rangi ya chungwa, ya waridi au nyekundu. Mmea huchanua takriban mwaka mzima, haudai mbolea, na hustahimili jua la kaskazi wakati mimea mingine imenyong'onyea. Ndiyo maana miche yake huonekana katika vitalu vya kando ya barabara, imepangwa pamoja na bogenvilia na mawaridi.

Hata hivyo, wanaotunza bustani hawana kauli moja juu yake. Wako wanaoisifu kama mgeni asiye na usumbufu, na wako wanaoitaja kwa masikitiko kama mgeni aliyekataa kuondoka. Sisi tumeona ni vyema tuzipime kauli zote mbili, kwa kuwa jambo hili limevuka upambaji wa nyumba. Linagusa mbuzi wa jirani, mikono ya watoto wetu na misitu ya nchi yetu.

Wanaoisifu

Sifa ya kwanza ni vipepeo. Penye lantana hapakosi vipepeo, na nyuki nao huifuata. Kwa mama mwenye kibaraza kidogo katika nyumba ya ghorofa, chungu kimoja cha lantana huleta uhai ambao watoto wa mjini hawauoni kila siku.

Sifa ya pili ni ua wa boma. Matawi yake husongamana, nayo yana vijimiba vilivyopinda, hivyo mtu aliyeipanda mpakani hupata kizuizi cha bei nafuu dhidi ya mbuzi na kuku wa nje.

Sifa ya tatu ni mbu. Wako waliorithi kwa wazee wao kuwa harufu ya majani yake haipendwi na mbu, na jambo hili halikuishia katika masimulizi. Watafiti walijaribu mimea ya lantana iliyo katika vyungu magharibi mwa Kenya, na utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kutoka nchi jirani ya Tanzania uliona kwamba nyumba zilizopandiwa lantana ziliingiwa na mbu wachache kuliko zisizokuwa nayo. Haitoshi kuchukua nafasi ya chandarua, lakini si sifa ya kudharauliwa katika pwani yenye malaria.

Wanaoilalamikia

Malalamiko huanza pale vitunda vinapoiva. Maua yakidondoka huacha vitunda vidogo vya kijani ambavyo hugeuka vyeusi vyenye kung'aa. Ndege huvipenda mno. Shore atakula vitunda uani kwako, aruke, kisha adondoshe mbegu chini ya mwembe wa jirani, kwenye kiunga cha minazi au ukingoni mwa msitu. Mmea mmoja uliokomaa unaweza kutoa mbegu 12,000 kwa mwaka. Hapo ndipo ua linaporuka ua: lililopandwa na mmoja humea kwa wengi ambao hawakuulizwa.

Likishamea porini, halibaki kuwa kichaka cha kiasi. Hupanda juu ya mimea mingine, huizibia mwanga, na mizizi na majani yake hutoa kemikali zinazozuia miche ya jirani kustawi. Mkulima aliyeacha shamba lake la mihogo kwa misimu miwili au mitatu anaweza kurudi akakuta pazia la miiba. Akilifyeka kwa panga, hurudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo. Akilichoma, moto huondoa nyasi na vichaka vilivyokuwa vikishindana nalo, kisha lenyewe huchipua kutoka chini.

Wenzetu wa Kwale wana sababu ya ziada ya kulitazama kwa makini. Hifadhi ya Shimba Hills ndiyo makao pekee ya palahala katika Kenya nzima. Palahala ni mnyama wa nyasi, na tangu miaka ya 1960 wataalamu wamekuwa wakionya kwamba kuenea kwa lantana kunahatarisha malisho yake. Mnyama ambaye nchi yetu haina kwake penginepo pa kumhamishia anabanwa na mmea uliotoka bustanini.

Huko Uganda funzo lilikuwa kali zaidi. Katika miaka ya 1970, uchumi ulipoporomoka, mashamba mengi ya kahawa na pamba katika eneo la Busoga yaliachwa, na lantana ikayatwaa. Vichaka vyake vyenye kivuli vikawa makazi ya mbung'o karibu kabisa na nyumba za watu, na ugonjwa wa malale ukaenea. Ajabu ya mmea huu ndiyo hiyo: mche mmoja ulio mlangoni unaweza kumfukuza mbu, na kichaka cha mmea uleule kikamkaribisha mbung'o.

Ilikotoka na ilikofika

Lantana asili yake ni Amerika ya joto. Wafanyabiashara wa Kiholanzi waliipeleka Ulaya katika karne ya 17, na wakulima wa maua wa huko wakaichanganya na kuizalisha upya hadi zikapatikana aina nyingi za rangi. Kutoka katika bustani hizo ikasafirishwa kwenda makoloni. Ilifika India mwanzoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya bustani, na Australia ikawa nayo kufikia miaka ya 1840. Kila mahali ilipokelewa kwa furaha.

Leo Australia inahesabu zaidi ya hekta milioni 4 zilizovamiwa. Nchini India, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 40 ya eneo la makazi ya chui milia limeingiwa na lantana. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeiweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani.

Juhudi za kuidhibiti nazo zina historia ndefu. Mwaka 1902 Hawaii ilimtuma mtaalamu wa wadudu hadi Mexico, kwenye asili ya mmea, kutafuta wadudu wanaoula. Tangu hapo nchi nyingi zimejaribu njia hiyo, zikiwamo za Afrika Mashariki, na hakuna hata moja iliyofanikiwa kuimaliza. Uganda ilipoachia mdudu mmoja wa aina hiyo katika miaka ya 1960, mdudu huyo alihamia kwenye mashamba ya simsim. Wanaojua gharama ya kibaba cha simsim wakati wa Ramadhani wataelewa uzito wa habari hiyo.

Wahindi, baada ya kuona haimaliziki, wameamua kuitumia. Katika misitu ya kusini, jamii zilizokuwa zikitegemea mianzi zilifundishwa kuchemsha fito za lantana, kuzimenya na kuzisuka kuwa viti, meza na vikapu. Mafundi wa huko pia wametengeneza sanamu za tembo zenye ukubwa wa tembo halisi kwa fito hizo, na mwaka 2021 zilionyeshwa katika bustani za London. Hilo ni fundisho kwa pwani yenye mikono hodari ya kusuka ukili na makuti. Lakini tusijidanganye: kiti kinachotengenezwa leo hakifikii kasi ya mbegu zitakazodondoshwa kesho.

Mbuzi na watoto

Majani ya lantana yana sumu inayodhuru ini la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mara nyingi mnyama aliyezaliwa mahali penye mmea huu huuepuka. Hatari ni kwa mnyama mgeni na kwa mnyama mwenye njaa. Ukame unapokausha nyasi, lantana hubaki kijani, na mbuzi aliyenunuliwa juzi kutoka mbali haijui. Kwa hiyo familia inayonunua mnyama wa Idi siku kadhaa kabla na kumfunga uani, itazame kwanza kamba yake inafika wapi.

Dalili ni mnyama kuacha kula, kufunga choo, kuzubaa, na macho na ufizi kuwa vya manjano. Baada ya hapo ngozi isiyo na rangi nyeusi, hasa puani na kuzunguka macho, huanza kuungua kwa jua na kufanya vidonda, kwa sababu ini limeshindwa kuondoa taka mwilini. Akionekana hivyo, apelekwe kivulini, aondolewe lantana yote, na daktari wa mifugo aitwe bila kungoja.

Kuhusu watoto, vitunda vya kijani ndivyo vinavyoogopewa zaidi. Wako watakaosema kwamba utotoni walikula vile vyeusi na hawakudhurika. Hatuwakatalii, lakini mtoto wa miaka mitatu hapambanui kibichi na kibivu. Kanuni iliyo salama ni moja: visiliwe kabisa. Na mtoto aliyekula akaanza kutapika, kulegea au kupumua kwa shida apelekwe hospitali mara moja, na tawi la mmea lichukuliwe ili daktari aone ni kitu gani.

Namna ya kuing'oa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu, jembe tulishike sisi wenyewe.

Kazi hii ifanywe baada ya mvua, ardhi ikiwa laini. Vaeni glovu nene na nguo za mikono mirefu, kwa kuwa miiba yake hukwaruza na watu wengine huwashwa na majani. Kateni matawi kwanza, mkivikusanya vitunda vyote katika gunia kabla ya kuligusa shina. Kisha chimbueni pale shina linapokutana na mizizi, mlitoe lote. Kipande kikibaki ardhini, mmea hurudi. Matawi yasitupwe jaani mbuzi wanapozurura, wala pembezoni mwa mto. Yaacheni yakauke juani mahali palipozungushiwa, kwa kuwa tawi bichi likigusa udongo wenye unyevu linaweza kushika mizizi.

Kazi haitakwisha siku hiyo. Mbegu huweza kukaa ardhini miaka kadhaa, kwa hiyo kila baada ya mvua za masika na vuli piteni mking'oa miche michanga kwa mkono. Mche wa wiki tatu hung'oka kwa vidole viwili. Ukiachwa miaka mitatu utahitaji vijana wawili na shoka. Na pahali palipong'olewa pasiachwe patupu, maana ardhi tupu ndiyo mwaliko wake. Mhina hufanya ua mzuri wa boma na haukosi mteja msimu wa harusi. Asumini hutambaa ukutani. Anayetaka rangi kali, bogenvilia itamtosheleza.

Na je, anayeipenda na hana moyo wa kuing'oa? Huyo aiweke chunguni, mbali na mifugo na watoto, na akate kila kishada mara maua yanapoanza kunyauka, kabla ya kufunga vitunda. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, wamezalisha aina zisizotoa mbegu, lakini mche usiojulikana asili yake haufai kudhaniwa kuwa miongoni mwa hizo. Mtihani ni mwepesi: mkiona vitunda, mjue mbegu zipo. Asiyeweza kuutazama mmea wake kila wiki, ni bora asiwe nao.

Haki ya jirani

Dini yetu imehimiza kupanda, na mwenye kupanda kitu kikaliwa na ndege au mwanadamu hutaraji malipo mema. Lakini dini hiyohiyo imeitukuza haki ya jirani na ikakataza kudhuru na kudhuriana. Mambo haya mawili hukutana katika mmea huu. Anayekula ni ndege, na anayedhurika ni jirani: mfugaji asiyekuwa na shamba la kukwepea, mkulima wa kipande kimoja, mama ambaye mbuzi wake wawili ndio karo ya shule.

Wafugaji wa Tana River hawahitaji kuelezwa habari hizi. Mathenge ulienezwa nchini katika miaka ya 1980 kuzuia jangwa, na leo wanahangaika na miiba yake. Lantana hatukuletewa na mradi wowote mkubwa uani mwetu. Tunainunua wenyewe, mche mmoja mmoja, kwa sababu imetupendeza. Kwa hiyo uamuzi wa kuizuia nao umo mikononi mwetu, wala haungoji kikao cha serikali. Mwenye nyumba atazame ua wake wiki hii, amwambie jirani kwa wema alichokiona, na waing'oe pamoja kabla vitunda havijaiva. Mwenyezi Mungu atupe maua yenye harufu njema na majirani wenye kuridhika nasi. Amin.