Vichangamshi vya Mimea na Mahindi ya Kiplombe

Kichangamshi cha mimea hutiwa kwa kipimo kidogo kwenye majani, mbegu au udongo. Kazi yake si kuulisha mmea bali kuusaidia kutumia vyema chakula ulicho nacho na kustahimili ukame, joto au baridi. Sheria ya mbolea ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2022, inavitambua vichangamshi kwa kazi hiyo, si kwa wingi wa virutubishi. Madukani Eldoret neno ni moja tu, busta, na hapo mbolea ya majani na kichangamshi huchanganyikana kwa urahisi.

Kiplombe, pembezoni mwa Eldoret, mahindi hupandwa Machi au Aprili. Mbegu za nyanda za juu kama H614 hukaa shambani miezi sita na zaidi, muda wa kutosha kukutana na kiangazi cha ghafla. Kikija wakati wa kutoa ndevu, hasara ni kubwa: ndevu huchelewa huku chavua ikimwagika bure, na gunzi huvunwa likiwa na mapengo.

Mmea wenye kiu hufunga vitundu vya majani ili usipoteze maji. Jua halipungui, na nishati isiyotumika huzaa kemikali kali za oksijeni zinazochoma seli. Dondoo za mwani, kama Ecklonia maxima wa pwani ya Afrika Kusini, huweza kuuchochea mmea kujiandaa: hukusanya sukari na prolini za kushikilia maji, na vimeng'enya vya kuzima kemikali hizo. Ndiyo maana hupulizwa kabla ya dhiki. Shamba lililokwisha kukauka halifufuliwi na chupa.

Tatizo zito zaidi liko chini. Udongo mwingi wa kaunti ya Uasin Gishu, iliko Eldoret, una asidi. Alumini hudumaza mizizi na fosforasi hunaswa. DAP, mbolea iliyozoeleka ya kupandia, huongeza asidi hiyo mwaka baada ya mwaka. Mzizi mfupi haufikii unyevu wa chini hata majani yapulizwe mara ngapi, kwa hiyo chokaa na samadi ndivyo vitangulie.

Kwa wanaopanda pia maharagwe kuna njia nafuu ya kuusaidia mmea: Biofix, unga wenye bakteria wa raizobiamu waliotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mbegu hulowanishwa kidogo kwa maji ya sukari, hupakwa unga huo kivulini, kisha hupandwa papo hapo na kufukiwa, maana jua huwaua bakteria. Mbegu iliyopakwa dawa ya kuvu nayo huweza kuwadhuru.

Anayetaka kujua kama busta inalipa aache mistari kadhaa bila kupuliza, katika udongo uleule na kwa mbolea ileile, kisha apime mavuno ya kila upande yakiwa yamekauka sawasawa. Mahindi yaliyoongezeka yakiwa na thamani ndogo kuliko bei ya chupa na kibarua cha kupuliza, fedha hiyo inunue chokaa msimu ujao.