Je, Wajua? Lupasi Huweza Kushambulia Figo Hata Uzeeni

Lupasi ni ugonjwa unaoifanya kinga ya mwili iushambulie mwili wenyewe. Huwapata zaidi wanawake wa miaka 15 hadi 45, lakini wapo wanaoanza kuugua baada ya miaka 50. Kwa hawa, upele wa usoni, dalili inayojulikana ya lupasi, si wa kawaida sana. Hivyo figo zikishambuliwa, miguu ikavimba au mkojo ukatoka na povu, lawama huangukia kisukari, presha au uzee.

Kipimo cha kreatinini kwenye damu, kinachotumika kujua hali ya figo, nacho huweza kupotosha. Kreatinini hutokana na misuli, na mzee aliyekonda ana misuli kidogo. Majibu yanaweza kuonekana mazuri ilhali figo zimeshadhoofika. Ndiyo maana mkojo upimwe protini na chembe za damu, na damu ipimwe kingamwili za lupasi pamoja na protini za C3 na C4, ambazo mara nyingi hushuka ugonjwa ukichachamaa.

Uthibitisho hutoka kwenye figo yenyewe: daktari huchukua kinyama kidogo kwa sindano, kikachunguzwe kwa hadubini. Matokeo hupangwa katika madaraja 6 yanayoongoza matibabu. Umri mkubwa peke yake si sababu ya kumnyima mzee kipimo hiki.