Nyumba ya Mawe ya Tintagel

Watu wengi hudhani ya kuwa Waingereza wa kale walikaa katika majumba makubwa kama ya wafalme. Sivyo. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za nyumba moja ndogo iliyo katika kijiji cha Tintagel, jimbo la Cornwall, kusini-magharibi ya Uingereza, karibu na pwani yenye pepo kali. Ilijengwa katika karne ya 14, ikabadilishwa mara kadha wa kadha, na hata leo yasimama.

Kuta zake ni nene, za mawe ya nchi ile ile. Paa limeezekwa kwa mawe ya aina ipasukayo vipande vyembamba kama vibao. Mawe hayo hayapitishi maji wala hayashiki moto kama makuti, lakini ni mazito mno. Basi miti ya paa imelemewa, na paa limebonyea likawa kama mawimbi ya bahari. Alitazamaye mara ya kwanza huenda akaogopa kuingia!

Ndani, katikati, mna ukumbi usio na dari. Ukiinua macho waona makombamoyo yote. Sababu yake ni moshi. Desturi ya zamani zile ilikuwa kukoka moto katikati ya sakafu, moshi ukapanda juu na kutoka polepole, nayo dari ingaliuzuia. Baadaye dohani zilipoenea, moto ulihamishiwa ukutani, na watu wengi wakatia dari, wakapata vyumba vya juu. Katika nyumba hii vyumba vya juu viko pande mbili tu, na ukumbi u wazi; kwa hiyo fundi aweza kuona desturi zote mbili chini ya paa moja.

Katika karne ya 19 chumba kimoja kilitumiwa kupokelea barua, ndiyo maana yaitwa Posta ya Zamani. Kisha wageni wakazidi kufika Tintagel kwa ajili ya hadithi za Mfalme Arthur, na katika miaka ya 1890 nyumba hii ilikuwa karibu kubomolewa. Watu waliopenda kazi za kale wakaiokoa, ikatengenezwa, na mwaka 1903 ikanunuliwa na National Trust, chama cha kutunza mahali pa kale kilichoundwa mwaka 1895. Paa halikunyoshwa, latunzwa vivyo hivyo lilivyopinda, na chumba cha barua kimepangwa kama kilivyokuwa siku za posta.