Bwana Jardim wa Madeira na Daftari la Madeni

Ndugu Wanachama,

Madeira ni kisiwa cha Ureno kilichopata serikali yake ya ndani mwaka 1976. Bwana Alberto João Jardim, mzaliwa wa Funchal, alishika uongozi wake Machi 1978, akashinda uchaguzi baada ya uchaguzi, asiuache mpaka Aprili 2015: miaka 37. Kazi yake yaonekana. Milima ilitobolewa barabara zikapita ndani, na njia ya kurukia ndege ikarefushwa juu ya nguzo kubwa kando ya bahari.

Lakini Septemba 2011 ikadhihirika kuwa madeni ya zaidi ya yuro milioni 1,100 hayakuarifiwa Lisbon. Mwezi uliofuata wapiga kura walimrudisha, ila kwa kura pungufu. Mwaka 2012 Lisbon ikawakopesha kwa masharti, kodi zikapanda, na mzigo ukawa wa wenyeji wote.

Basi barabara kila mtu aliiona. Deni lilikaa daftarini. Nasi hesabu za chama zitakaposomwa mkutanoni, tafadhalini njooni, sikilizeni, ulizeni. Mwenye kuuliza hamtuhumu Katibu; amsaidia.

Wasalaam,
Katibu wenu