Behewa la Mizigo kwa Uwiano wa 1:87: Reli Tatu za Kibaha na Kisarawe

Behewa la mizigo la modeli ni nakala ya behewa halisi iliyopunguzwa kwa uwiano mmoja katika urefu, upana na kimo, yenye magurudumu yanayozunguka na inayoweza kuvutwa juu ya reli iliyopunguzwa kwa uwiano uleule. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloitofautisha na pambo la kabatini. Kabla ya kukata kipande cha kwanza, mtengenezaji analazimika kujua behewa lake linatembea juu ya reli ipi, kwa sababu geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya njia, ndiyo inayoamua uwiano, bogi na magurudumu.

Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili jirani za Mkoa wa Pwani, zinapitiwa na reli za geji tatu. Ya kwanza ni Reli ya Kati yenye milimita 1,000, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Wajerumani, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914. Katika Wilaya ya Kibaha inapita Ruvu, ambako mwaka 1963 iliungwa na njia ya Tanga kwa tawi linalokwenda Mnyusi. Ya pili ni TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Geji yake ni milimita 1,067, na katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, inakatiza Kisarawe kupitia kituo cha Mzenga. Ya tatu ni reli ya kisasa, SGR, yenye milimita 1,435. Jiwe lake la msingi liliwekwa Pugu Aprili 2017, na vituo vyake vya Soga na Ruvu vilianza kupokea abiria Juni 2024. Mabehewa 264 ya mizigo yaliyotengenezwa China yalifika mwishoni mwa mwaka huo, na mwaka 2025 treni za mizigo zikaanza kuhudumia Bandari Kavu ya Kwala, Kibaha.

Kasha la futi 20 ni lilelile juu ya reli zote tatu: urefu milimita 6,058, upana 2,438, kimo 2,591. Anayelitazama kasha peke yake hawezi kujua limebebwa na reli gani. Tofauti yote iko chini ya sakafu, na huko ndiko kazi ya modeli inakopaswa kuanzia. Wengi huanza na bodi kwa kuwa ndiyo inayoonekana. Matokeo yake ni behewa zuri linaloning'inia juu ya bogi za reli nyingine.

Uwiano unaofaa zaidi kwa eneo hili ni 1:87, unaojulikana duniani kote kwa jina la HO. Milimita 1,435 zikigawanywa kwa 87 zinatoa 16.5, ambayo ndiyo geji ya kawaida ya reli za HO zinazouzwa madukani. Milimita 1,000 zinatoa 11.5, na 1,067 zinatoa karibu 12.3; zote mbili hukaa kwenye reli ndogo ya milimita 12 inayotengenezwa kwa ajili ya modeli za geji ya mita. Reli ya Kati inazidishiwa nusu milimita, TAZARA inapunjwa robo, na jicho halioni. Anayetaka kuweka reli zote tatu katika mandhari moja hana njia bora kuliko hii. Anayependa TAZARA peke yake anaweza kuchagua 1:64, kwa sababu 1,067 ikigawanywa kwa 64 inafika 16.7, hivyo reli na magurudumu ya HO, ambayo ni rahisi kupatikana, yanatumika bila kubadilishwa. Modeli inakuwa kubwa zaidi na vidole vinapata nafasi ya kufanya kazi.

Vipimo vya behewa halisi havichukuliwi kwa kuingia njiani na futi mkononi. Eneo la reli ni hatari na linalindwa kisheria. Picha hupigwa kutoka sehemu halali za umma au kwa kibali. Picha moja nzuri inatosha kutoa karibu vipimo vyote, maana kasha lenyewe ni rula. Kasha la futi 40 lina urefu wa milimita 12,192. Likionekana kwenye picha iliyochapishwa kwa urefu wa milimita 122, kila milimita ya picha ni sentimita 10 za behewa halisi: umbali kati ya bogi, kimo cha sakafu kutoka kwenye reli, nafasi ya ngazi na ya gurudumu la breki ya mkono, vyote vinapimwa hapo hapo. Masharti ni mawili. Mpiga picha asimame mkabala na katikati ya behewa, wala si kwa mshazari. Na asimame mbali akitumia lenzi ya kuvuta, kwa kuwa picha ya karibu hupotosha ncha. Kwa mabehewa ya zamani ya geji ya mita, Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa 1971, yamehifadhi vyombo vya East African Railways ambavyo mtu anaweza kuvikagua kwa utulivu.

Bogi ya kawaida ya mizigo ina fremu mbili za pembeni, boriti moja ya kati inayobeba uzito wa behewa, springi, na ekseli mbili. Gurudumu la milimita 840, kipimo kilichozoeleka kwenye mabehewa ya China, linakuwa milimita 9.7 kwa 1:87. Magurudumu ni heri kuyanunua, na yawe ya chuma: ya plastiki hukusanya uchafu na kuchafua njia. Fremu za pembeni zinaweza kuchapwa kwa printa ya 3D au kumiminwa kwa resini katika kalibu ya silikoni.

Ufungaji wa bogi unahitaji uangalifu kuliko hatua nyingine yoyote. Bogi zote mbili zikikazwa sawasawa, behewa husimama kama meza ya miguu minne kwenye sakafu isiyo sawa: gurudumu moja linaelea na behewa linaacha njia kwenye kona ya kwanza. Dawa yake ni kuligawia behewa sehemu tatu za kuegemea. Skurubu ya bogi ya kwanza hukazwa mpaka bogi iweze kugeuka kushoto na kulia tu, bila kuyumba upande hadi upande. Ya pili hulegezwa kidogo, igeuke na pia iyumbe. Bogi iliyokazwa inalishikilia behewa wima, na iliyolegea inafuata kasoro za njia. Ufungaji huo ukaguliwe juu ya kioo tambarare: chopeka kipande cha karatasi chini ya gurudumu moja la bogi iliyolegea, magurudumu yote ya bogi iliyokazwa yanapaswa kubaki yamegusa kioo.

Uzito ndio unaofuata, na hapa geji ya mita inaonyesha ugumu wake. Kasha juu ya SGR lina upana wa mara 1.7 ya geji. Juu ya Reli ya Kati ni karibu mara 2.4. Kwenye modeli hiyo ni milimita 28 za kasha juu ya milimita 12 za njia, kwa hiyo uzito wote ukae chini kadiri inavyowezekana. Chama cha watengeneza modeli cha Marekani, NMRA, kinapendekeza kwa HO uzito wa kuanzia wa gramu 28 hivi, kisha gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa la sentimita 15 linahitaji takriban gramu 112. Behewa la sakafu tupu halina pa kuficha uzito huo isipokuwa kati ya boriti za chini. Vipande vya risasi vya kubalansia matairi, vinavyopatikana kwa mafundi wa magurudumu, vinaenea hapo vizuri. Risasi ni sumu: isipigwe tupa wala msasa, na mikono ioshwe baada ya kuishika.

Bodi na sakafu hukatwa kwenye plastiki nyembamba ya polistairini kwa kisu kikali na rula ya chuma, kisha vipande huunganishwa kwa gundi inayoyeyusha plastiki yenyewe. Mabehewa ya zamani yana safu za ribiti, na ya SGR yamechomelewa. Modeli ya behewa la Kwala yenye ribiti ni kosa la wazi. Kichwa cha ribiti cha milimita 30 kinakuwa theluthi moja tu ya milimita. Kinapatikana kwa kubonyeza karatasi ya alumini kwa ncha ya sindano upande wa nyuma, rula ikiongoza mstari, kisha karatasi inabandikwa juu ya plastiki. Mikunjo ya ubavu wa kasha ina kina cha takriban milimita 36, yaani 0.4 kwenye modeli. Bati la kopo la soda lililosuguliwa juu ya kalibu ya mistari huitoa mikunjo hiyo ikiwa na makali ambayo plastiki haiyafikii.

Kabla ya rangi, modeli huoshwa kwa sabuni na kukaushwa, kisha hupigwa praima. Rangi ya kupuliza hupakwa kwa tabaka nyembamba tatu au nne. Hewa ya Pwani wakati wa masika ina unyevu mwingi, na vanishi iliyopulizwa asubuhi au jioni huweza kuganda ikiwa na ukungu mweupe. Saa za adhuhuri, siku kavu, ndizo za kuaminika.

Maandishi ya ubavuni yanabeba tarehe ya modeli. Reli ya Kati ilikuwa chini ya East African Railways and Harbours tangu 1948, ikawa ya shirika la reli la Jumuiya ya Afrika Mashariki 1969, Shirika la Reli Tanzania (TRC) 1977, kampuni ya TRL mwaka 2007, na tangu 2017 ni TRC tena. Tawi la Ruvu nalo lina neno: kabla ya 1963 Reli ya Kati haikuungana na njia za Tanga na Kenya, kwa hiyo mandhari ya Ruvu ya mwaka 1958 yasiwe na behewa lililotoka Nairobi kwa njia ya nchi kavu. Printa za kawaida hazichapi rangi nyeupe. Herufi nyeupe hupatikana kwa kuchapa rangi ya behewa kwenye karatasi nyeupe ya stika za maji na kuziacha herufi zikiwa wazi.

Vumbi la njiani huja mwishoni, nalo lina tatizo la ukubwa. Chembe ya mchanga ya moja ya kumi ya milimita ni sawa na kokoto ya karibu milimita 9 kwenye behewa halisi. Udongo mwekundu uliookotwa barabarani haufai mpaka usagwe na kuchujwa kwa kitambaa cha nailoni. Kisarawe ina malighafi bora: udongo mweupe wa kaolini wa vilima vya Pugu, ambao chembe zake ni laini mno kwa asili. Ukichanganywa na unga wa rangi ya kahawia au nyekundu na kupakwa kwa brashi laini, unashika kwenye pembe na chini ya boriti, kisha unafungwa kwa vanishi isiyong'aa. Vumbi liongezeke kadiri linavyoshuka kuelekea bogi. Magurudumu yapate kutu kila mahali isipokuwa sehemu inayogusa reli.

Shehena nayo ifuate uzito halisi. Shaba inayoshuka na TAZARA kutoka Zambia na Kongo ina uzito wa karibu tani 9 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mafungu ya mabamba yake hubaki chini chini juu ya sakafu, sehemu kubwa ya behewa ikiwa wazi. Mafungu hayo hukatwa kwenye bati jembamba la shaba, hupangwa mawili mawili juu ya bogi, na kufungwa kwa uzi mwembamba wa waya kabla behewa halijapelekwa njiani.