Kupanda kwa Maji ya Ziwa Tanganyika: Sababu na Athari Zake katika Mwambao wa Kigoma na Ujiji

Miji ya mwambao wa Bahari ya Hindi huogopa kimbunga. Zanzibar ilipigwa na kimbunga mwaka 1872 na Lindi mwaka 1952. Kigoma, iliyo takribani kilomita 1,000 kutoka baharini, haina hofu hiyo. Maafa yake huja polepole, kwa ziwa kupanda. Kimbunga hupita kwa siku moja au mbili, lakini maji ya ziwa yakishaingia nyumbani hukaa kwa miezi. Makala haya yanafafanua sababu za hali hiyo na athari zake kwa wakazi.

Sababu ya kwanza ni mvua. Mwishoni mwa mwaka 2019, upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kuliko kawaida, na mvua kubwa zikanyesha Afrika Mashariki. Ziwa lilipanda katika miaka iliyofuata, na mvua za El Niño za msimu wa 2023/2024 zikaliongezea maji.

Sababu ya pili ni umbile la ziwa lenyewe. Maji huingia kwa mito mingi, ikiwemo Malagarasi na Ruzizi, lakini hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, karibu na Kalemie nchini Kongo. Sehemu kubwa ya maji hupotea kwa njia ya mvuke. Kwa kuwa eneo la ziwa ni takribani kilomita za mraba 32,900, kupanda kwa mita moja ni sawa na mita za ujazo bilioni 33 hivi. Wingi huo hauwezi kuondoka kwa msimu mmoja.

Historia inathibitisha jambo hili. Katikati ya karne ya 19 mlango wa Lukuga ulizibwa na tope na mimea, na ziwa likapanda hadi maji yalipovunja kizuizi hicho mwaka 1878. Baada ya hapo lilishuka kwa takribani mita 10 katika miaka isiyozidi 20. Ndiyo maana kumbukumbu ya Livingstone huko Ujiji, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, leo iko mbali na ufuko.

Sababu ya tatu ni matumizi ya ardhi. Maji yanaposhuka kwa miaka mingi, watu hujenga na kulima pale yalipoondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini ukingo wenyewe huhama, na anayejenga mwaka wa maji machache huona yuko salama.

Athari huanzia ufukweni. Katika mialo kama Kibirizi na Katonga, mchanga ndio uwanja wa kuanikia dagaa na kuegesha mitumbwi. Ufuko unapomezwa, dagaa hukosa pa kukaukia, huoza, na mchuuzi hupoteza mtaji. Vyoo na visima vinapofurika, hatari ya kipindupindu huongezeka. Mwenye nyumba iliyozingirwa hulazimika kupanga kwingine, ilhali ardhi yake haiuziki.

Kwa hiyo, tatizo la Kigoma si maji mengi pekee, bali ni kusahau kwamba ziwa hupanda na kushuka. Nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulisimamia kwa pamoja mwaka 2003, na mlango wa Lukuga unahusu zote. Upande wa Kigoma na Ujiji, hatua iliyo karibu zaidi ni kuweka alama za kudumu mahali maji yalipofikia, ili anayetafuta kiwanja mwaka wa ukame aone ziwa liliwahi kufika wapi kabla hajachimba msingi.